Alfajiri Upande wa Madirisha

Bologna, 26 Aprili 1728

Petronio wangu, mume wangu,

Ngoja niandike tena, maana kalamu imelipenda neno hilo: mume wangu, mume wangu!

Watawa walionifundisha kuandika walisema barua njema huanza kwa kuulizana afya. Haya, wewe u mzima? Mimi si mzima, mimi ni nusu. Nusu nyingine ilipanda gari la farasi kwenda Piacenza, ikiwa na sanduku la brashi na soseji nene ya mama yako, wala haikugeuka nyuma kwenye kona. (Mama yako anasema uligeuka. Mimi nilikuwa nalia, sikuona. Niandikie kama uligeuka.)

Nasali kila siku kwa ajili ya mchoro wako. Yule mjane mtukufu, Markiza Violante, akiukubali, dari la ukumbi wake ni lako, dari lako la kwanza, na vile vyumba viwili juu ya nyumba ya malimau ni vyetu mpaka kazi iishe. Mlango wetu! Jiko letu! Akiukataa, utarudi kuwajazia mabwana wengine mawingu, nasi tutaendelea kulala nyuma ya pazia huku mama yako akikohoa kila tunapocheka.

Sasa nisikilize, usikasirike. Ule mchoro wa pili, nakala uliyoniachia nyumbani, nimeubandika darini juu ya kitanda chetu. Ulisema mwenyewe kwamba picha ya dari ikitundikwa ukutani ni kama samaki aliyetundikwa mtini. Nikapika gundi ya unga, nikapanda juu ya kiti, kiti juu ya sanduku. Mama yako akaingia.

"Mkamwana, unataka kujinyonga au kuruka?"

"Nabandika kazi ya mume wangu, mama."

Akatazama juu, akajifanyia ishara ya msalaba. "Wenzako wanatundika Bikira Maria. Wewe umemtundikia mwanangu wanawake wasiojua nguo ni nini!"

Lakini leo asubuhi nimemkuta amelala kitandani kwetu, chali, viatu bado miguuni. Ati alikuwa anakagua kama gundi imeshika.

Nikifungua macho namwona Bibi Alfajiri anamwaga maua yake, naye Markizi, marehemu mume wa Markiza, anapaa na upanga wake, na wale waovu watatu, Uvivu, Ulafi na Uzushi, wanaporomoka vichwa chini miguu juu. Kisha nanyoosha mkono upande wako, nakuta mto tu. Nimeuvalisha shati lako. Usimwambie mtu.

Wako kwa nusu iliyobaki,
Ippolita


Piacenza, 1 Mei 1728

Mke wangu kipenzi,

Niligeuka. Niligeuka mara nyingi hata shingo ikauma, na mzee Floriano akasema, "Kijana, ukiendelea hivyo utafika Piacenza ukitazama Bologna." Unamjua: yeye huchora nguzo na matao ya uongo kuzunguka dari, mimi najaza watu katikati. Huku njiani hakunyamaza. Kwake mbingu bila nguzo ni uvujaji wa paa tu.

Tumepokewa vizuri. Markiza ni mwembamba kama mshumaa, na maneno yake yanaunguza vilevile. Aliponiona aliuliza, "Huyu ndiye mchoraji, au mchoraji amemtuma mwanawe?" Kisha akatulisha. Wanakula vijiduara vya unga vilivyojazwa nyama, vinaelea katika supu, kama vyetu, ila wanadai vyetu ni vya kuiga. Nilinyamaza kwa ajili ya vile vyumba vya malimau. Ni dhambi kubwa kwa mtu wa Bologna, nitaiungama.

Ukumbi ni mzuri, Ippolita! Ukiingia mlangoni, mbele yako, ukutani mwisho kabisa, kuna kiti cha Markiza. Mkono wa kulia, madirisha marefu ya bustani, na jua la asubuhi huingia hapo. Anataka mambo matatu, wala hasikii la nne. Bibi Alfajiri atokee upande wa madirisha, ili wageni wanywapo chokoleti waone jua la kweli na jua la rangi yakiingia pamoja. Mume wake apae juu ya kiti chake. Na waovu waangukie mlangoni, "ili wanaoingia wajue wanakoingia."

Floriano aliuweka mchoro mezani katikati ya ukumbi, chini yake kuelekea mlangoni, juu yake kuelekea kwenye kiti. Kila kitu kilikaa mahali pake. Alfajiri alikuwa kulia, upande wa madirisha. Markiza aliuzunguka, akagonga meza kwa pete. "Hivi hivi," alisema.

Siku ya Pentekoste ataupiga muhuri wa nta kwa nyuma. Ukishapigwa muhuri, ndio mkataba: kinachopanda darini ni kile kilichomo, hakuna kuongeza malaika wala kupunguza. Siku inayofuata lipu inaanza, maana dari lisipokauka kabla ya baridi, kazi inalala mpaka mwakani, na mchoraji anatafutwa mwingine.

Nimekwenda kuviona vyumba. Vinanuka maua ya malimau. Dirisha moja halifungi. Nililiambia lisubiri, mwenye nyumba anakuja.

Wako, aliyegeuka,
Petronio


Bologna, 5 Mei 1728

Petronio, mume wangu, roho yangu,

Keti. Kama uko juu ya jukwaa, shuka kwanza, kisha keti.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Asubuhi nilijilaza nikawa Markiza. Chumba chetu ni kama ukumbi wake: ukiingia mlangoni, mto uko mbele yako, dirisha liko kulia na jua linaingia hapo. Nikasema, mto ndio kiti changu. Nikaubandua mchoro na kuubandika upya sawasawa na maagizo: Markizi juu ya mto, waovu kule mlangoni. Nikalala chali, nikaagiza chokoleti (mama yako akaleta maji ya moto), nikatazama juu nimwone Alfajiri akitoka dirishani.

Petronio, alikuwa anatokea kwa fundi wa mapipa!

Upande wa pili kabisa, ukuta wa jirani, jua linakozama. Nikadhani nimekosea. Nikaupanda ule mnara wa viti tena, nikauzungusha mchoro mpaka Alfajiri akawa dirishani. Sasa waovu wote watatu wakawa juu ya mto wangu, Uvivu ananiangukia usoni, na Markizi maskini anatoroka kupitia mlangoni na upanga wake, kama mtu aliyesikia mke anamwita.

Nikazungusha tena. Mama yako akashika kiti, akasema, "Mwaka huu tutakula gundi." Haiwezekani, mpenzi wangu. Ukimpata Alfajiri, unawakosa waovu. Ukiwapata waovu, unamkosa Alfajiri.

Kisha nikakumbuka kitambaa cha kutarizi. Ukikitazama upande wa juu, ua liko kulia. Lala chini yake ukitazame kwa upande wa chini, ua limehamia kushoto. Mchoro wako mezani mnautazama kutoka juu, kama ndege. Lakini watu watautazama kutoka chini! Nguzo za mzee Floriano hazina shida, kulia na kushoto zimefanana. Watu wako ndio wenye upande.

Kama nimekosea, nicheke, nami nitacheka pamoja nawe. Kama sikukosea, usikubali muhuri. Jilaze sakafuni na umwambie mtu aushike mchoro juu yako. Fanya hivyo hata kama watakuona mwehu. Mimi nimekuona mwehu tangu siku uliyonichumbia kwenye mvua, na nikakupenda hivyo hivyo.

Shati lako linakusalimu.

Ippolita wako


Bologna, 11 Mei 1728

Mume wangu,

Tarishi amepita mara mbili bila kitu. Mara ya kwanza nilimpa kipande cha keki. Mara ya pili nilimnyima.

Umekasirika. Mama yako anasema lazima umekasirika. "Ndoa haijakauka rangi, umeshamfundisha mwanangu kazi! Mimi nilingoja miaka kumi ndipo nikamwambia marehemu baba yake kwamba hajui kuchinja kuku." Baadaye aliniletea supu, akakaa nami, akasema baba yako alinuna wiki nzima na kisha akajifunza.

Petronio, ukitaka, barua ile ichome. Sema sikuiandika. Mimi najua mapishi na kutarizi na kukupenda tu. Lakini, tafadhali, kabla ya kuichoma, jilaze sakafuni.

Ippolita


Piacenza, 12 Mei 1728

Kipenzi changu, mwalimu wangu,

Nilinuna. Nakiri, mke wangu. Nilinuna tangu chakula cha mchana mpaka kesho yake. Nilimsomea Floriano barua yako, naye akasema, "Dari si kitanda, bwana mdogo. Mwambie mkeo atarizi." Ilinipendeza kwa dakika chache. Kisha haikunipendeza tena, kwa sababu ni wewe uliyekuwa unaambiwa utarizi, na mimi nikitaka mtu akuseme nitamchagua mwenyewe.

Nikajilaza sakafuni. Floriano akaushika mchoro juu yangu, huku analalamika mgongo. Nikatazama. Alfajiri alikuwa upande wa pili wa madirisha.

"Umekufa?" akauliza.

"Lala wewe," nikamwambia, "mimi nishike."

Alichukua muda kulala. Alipotazama juu, alisema neno ambalo siwezi kuliandika kwa mke wangu. Kisha akasema, "Mkeo amesoma wapi?"

Floriano alitaka tunyamaze. "Pokea muhuri kwanza, mambo ya jua tutayatengeneza juu ya jukwaa." Lakini muhuri ni muhuri. Markiza angechelewa kuona mpaka rangi ikauke, kisha kila asubuhi ya maisha yake angekunywa chokoleti akiona majua mawili yanatazamana kama mahasimu. Nikaenda kumwambia.

Alinisikiliza bila kukatiza, na kwake hiyo ni mbaya kuliko kufokewa.

"Nani ameliona hili? Mzee wa nguzo?"

"Hapana, Bibi Mkubwa. Mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Bologna."

"Ameuonea wapi mchoro wangu, akiwa Bologna?"

Ippolita, nisamehe. Nikasema, "Kitandani."

Wajakazi walitazama chini. Markiza alinitazama, mdomo ukaanza kumcheza, kisha akacheka mpaka akashika kiti. "Na mimi nimelipa wataalamu wawili," akasema, "waliosimama!"

Amenipa mpaka Pentekoste. Nimlete mchoro mpya wenye mambo yake matatu, la sivyo amekwisha kumjua mchoraji wa Parma. Sina muda wa kubuni upya, lakini nina hila: nanakili kila kitu kwenye karatasi iliyopakwa mafuta hata ikapenya mwanga, naigeuza, nachora kwa upande wa nyuma. Kila mtu anahama mkono. Silali. Ninaendelea kukupenda kwa rangi zote zilizobaki.

Petronio


Bologna, 15 Mei 1728

Petronio!

KITANDANI? Ungeshindwa nini kusema "nyumbani"? Au "chumbani"? Au "akiwa amepumzika"? Sasa Piacenza nzima inajua ninavyolala! Nitaingiaje katika ukumbi ule? Nimefunika uso kwa mto, na mto umevaa shati lako, kwa hiyo haikunisaidia kitu, nilizidi kukukumbuka.

Mama yako amecheka mpaka amekohoa. Nimemwambia sasa nami najua jinsi inavyokera.

Lakini hukunyamaza! Ulikwenda ukamwambia! Nimewaeleza majirani wote wa barazani, hata fundi wa mapipa. Mume wangu alikuwa na dari mkononi akaliweka chini akasema kweli. Ninatembea kama nimevaa taji.

Chora, mpenzi. Geuza karatasi. Ninashika kidole kwenye rozari na kingine nimekipitisha juu ya mwenzake, kuomba bahati.

Ippolita, ambaye hatasahau hilo la kitanda


Piacenza, 16 Mei 1728, Pentekoste

Mke wangu,

Naandika haraka, tarishi ananisubiri. Sijui kama nimeshinda au nimetuangamiza.

Mchoro mpya ulikamilika asubuhi. Safari hii hatukuuweka mezani. Tuliufunga kwenye fremu, wanaume wanne wakauinua juu ya vichwa, na Markiza akaketi kitini pake akatazama juu. Alfajiri akatokea madirishani, na jua la kweli nyuma yake. Waovu mlangoni. Floriano akanikanyaga mguu kwa furaha.

Ndipo nikaona. Nilipoigeuza karatasi nilifikiri pande za ukumbi tu, wala sikufikiri mikono ya watu. Marehemu Markizi ameshika upanga kwa mkono wa kushoto. Jemadari, bwana wa nyumba, mbele ya mbingu yote, kwa kushoto! Unajua huku watoto wanapigwa vidole kwa kushika kijiko hivyo. Na siwezi kuuhamisha tu, maana mkono wa kulia ungepita mbele ya uso wake.

Markiza aliona pia. Alitazama, akatazama. Uso ukambadilika. Nikaanza, "Bibi Mkubwa, hili la mkono ni kosa langu," naye akainua kiganja. Akasema, "Tokeni wote." Mchoro ukaachwa umeegemezwa juu ya viti viwili, na mlango ukafungwa.

Mpaka sasa haujafunguliwa. Floriano anafunga sanduku lake. Nimemtukania mume wake, Ippolita. Mwambie mama atandike tu nyuma ya pazia.

Nakupenda. Hilo halikugeuka.

Petronio


Piacenza, 18 Mei 1728

Kwa Bibi Ippolita, mke wa mchoraji,

Binti, hunijui, lakini mimi nimeshasikia habari zako, na nyingine za mahali ambapo si adabu kupataja. Usione haya. Nami nilikuwa bibi harusi, na katika nyumba hii kuna madari mengi ninayoyajua vizuri.

Mumeo anaogopa kuniuliza, mimi nachoka kumwona akiogopa, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Mume wangu alikuwa wa kushoto. Kuandika, kula, kushika hatamu, kunishika mkono tukitembea bustanini, yote kwa kushoto. Walimpiga vidole utotoni, hakuacha. Amechorwa mara tisa, na wachoraji wote tisa, watu wenye heshima zao, walimpa upanga kwa kulia, kwa kumwonea aibu. Naye alikuwa ananinong'oneza, "Violante, yule jamaa ukutani ni nani?" Nimeishi na yule jamaa ukutani miaka mingi tangu alipofariki. Jumapili niliinua kichwa, nikamwona wangu. Niliwatoa nje kwa sababu sipendi mafundi wanione nikilia.

Muhuri nimeupiga. Mumeo ameapa kwamba mkono ule ni kosa. Mwambie akome kuapa, nami nitajifanya sikusikia.

Lipu imeanza. Lakini nina malalamiko. Jana nilimwagiza anionyeshe mawingu ya upande wa bustani, akanichorea mawingu mazito, ya kijivu, yenye kuinama. Nilimuuliza ni nini hayo. Akasema ni mawingu ya asubuhi. Mzee wa nguzo akasema, "Ni mawingu ya mtu aliyeacha mke Bologna." Mimi niliagiza Alfajiri, binti, sikuagiza masika. Vyumba vya malimau viko tayari, dirisha limetengenezwa. Njoo upesi, kabla hajaniloweshea ukumbi.

Violante


Bologna, 22 Mei 1728

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Nimeisoma barua ya Markiza nikiwa nimesimama, kisha nimeketi, kisha nikiwa nimemkumbatia mama yako, ambaye alisema tu, "Sasa nani atanishikia ngazi nikitaka kukagua gundi?" akaenda jikoni kugonga sufuria kwa kelele. Baadaye nikamkuta anakunja mashati yako vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Ameweka soseji mbili. Ya pili ni ya Markiza, "ili ajue nani anamwiga nani."

Gari linaondoka kesho alfajiri. Najua ni ujinga kukuandikia barua leo, maana tarishi hawezi kunitangulia, na barua hii itasafiri kifuani mwangu. Lakini kila siku tangu uende nimekuwa nikikuambia jambo, na leo mambo yamenijaa, nifanyeje? Nitakuambia kwamba nilimlilia Markizi wa kushoto kama ndugu yangu. Kwamba nataka uninenee maneno yote uliyoyaandika, kwa sauti, moja moja. Kwamba nitaishika mikono yako yote miwili, ili tusikose.

Basi nimekata shauri. Nitashuka garini, nitauliza njia ya ukumbi, nitakukuta chini ya jukwaa na rangi puani. Sitasema neno. Nitakukabidhi barua hii na kurudi nyuma hatua chache, kwa maana tangu tuanze kuandikiana nimekuwa nikitamani kitu kimoja ambacho mwandika barua hakipati kamwe: kuuona uso wako unaposoma.

Unasoma sasa. Umefika hapa. Floriano anauliza ni barua ya nani, usimjibu.

Umemaliza? Haya, inua macho.

Ippolita